Namna ya Kusoma Utabiri wa Upepo na Hali ya Hewa kwa Safari za Nyikani, Milimani na Majini: Mwongozo Kamili

Watu wengi hufungua utabiri wa hali ya hewa wakitafuta jibu la swali moja: je, kesho kutakuwa na hali nzuri au mbaya? Swali hilo halina jibu, kwa sababu upepo unaomburudisha anayetembea bondeni ndio huohuo unaomyumbisha mwenzake aliye juu ya mgongo wa mlima, na mvua ambayo mwendesha baiskeli huivumilia bila shida huweza kuujaza mto ambao mtu mwingine alitegemea kuuvuka kwa miguu. Utabiri hautoi uamuzi. Unatoa vipimo, yaani kasi, mwelekeo, kiasi, uwezekano na saa, na msafiri hawezi kuvitumia vipimo hivyo vizuri ikiwa hajajua mapema ni kipimo kipi kitakachomzuia asiondoke. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na utabiri wenyewe.

Hatua ya kwanza: weka kikomo kabla ya kutazama utabiri

Igawe safari yako katika vipande, kisha uandike mambo matatu kwa kila kipande: utakuwa hapo saa ngapi, utakuwa wazi kiasi gani kwa upepo na radi, na kama ukishafika hapo bado utaweza kurudi au kujitoa. Njia ya msituni yenye miti mikubwa pande zote huvumilia mengi ambayo njia ya kileleni haivumilii. Kuvuka ghuba kwa mtumbwi ni kipande kisicho na pa kutokea ukiwa katikati, ilhali kupiga kasia sambamba na ufuo wa mchanga kunakuruhusu kutoka majini karibu wakati wowote.

Sasa weka kikomo kwa namba. Kipimo cha upepo alichokianzisha Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805, na ambacho baadaye kiliongezewa kasi kwa kila daraja, bado kinasaidia sana kwa kuwa kinaunganisha namba na mambo yanayoonekana kwa macho. Daraja la 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, hurusha vumbi na karatasi nchi kavu na kuleta povu jeupe juu ya mawimbi mengi. Kwa mpiga kasia ambaye hajazoea, hapo ndipo pa kuahirisha kuvuka maji ya wazi. Daraja la 6, kilomita 39 hadi 49, hutikisa matawi makubwa na kufanya mwavuli usishikike. Daraja la 7, kilomita 50 hadi 61, hufanya kutembea dhidi ya upepo kuwe kazi nzito, na mtu aliyebeba mzigo mkubwa mgongoni hapaswi kuwa kwenye njia nyembamba ya kileleni wakati huo. Kuanzia kilomita 62 upepo huanza kuvunja vitawi vya miti. Mkiwa kundi, kikomo cha kundi ni kikomo cha yule aliye dhaifu kuliko wote, hata kama wengine wote ni wazoefu.

Ninasisitiza kuandika kikomo mapema kwa sababu mtu aliyekwisha kufunga mizigo, akaomba likizo na kuwaaga jamaa zake, husoma utabiri kwa hamu ya kuondoka. Namba ya 55 aliyoikataa juzi huanza kuonekana kama 50, na 50 huonekana kama 45. Kikomo kilichoandikwa siku tatu kabla hakibembelezeki kwa urahisi huo.

Hatua ya pili: chagua vyanzo na ujue vinatoka wapi

Soma kwanza tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa ya nchi utakakokuwa, kwa kuwa zimepitiwa na watabiri wanaolijua eneo lao. Ikiwa kuna tahadhari rasmi ya upepo mkali, mawimbi makubwa au mvua kubwa inayogusa njia yako, hakuna haja ya kuitafutia mpinzani kwenye simu.

Namba nyingi zinazoonekana kwenye programu za simu hutoka moja kwa moja kwenye modeli za kompyuta bila mtabiri kuzigusa. Modeli mbili zinazotumika sana duniani ni ile ya kituo cha Ulaya cha utabiri kiitwacho ECMWF, ambayo hugawanya dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi, na ile ya Marekani iitwayo GFS, yenye miraba ya kilomita 13 hivi. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kumeza mlima mzima, bonde lililo kando yake na sehemu ya ziwa lililo chini, na modeli ikavipa vyote kimo kimoja cha wastani. Kwa hiyo programu inapoonyesha jina la kilele fulani, tazama kama inataja pia kimo iliyokitumia katika hesabu. Tofauti ya mamia ya mita kati ya kimo hicho na kimo halisi inatosha kubadilisha joto na upepo wote.

Angalia pia utabiri ulitolewa lini. Modeli ya GFS huanza upya mara nne kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na matokeo hufika saa kadhaa baadaye. Chati nyingi za baharini na za usafiri wa anga huandikwa kwa UTC, na msafiri asiyebadilisha saa hizo kuwa za mahali alipo huweza kuutarajia upepo saa kadhaa kabla au baada ya kufika kwake. Badilisha saa zote mara moja, uziandike kwa mtindo mmoja, na usichanganye tena.

Hatua ya tatu: soma upepo, na usome mipigo kabla ya wastani

Anza na kizio cha kipimo. Namba 15 ni upepo mwepesi ikiwa ni kilomita kwa saa. Ikiwa ni noti, yaani maili za baharini kwa saa, ni karibu kilomita 28 na maji yameanza kuchafuka. Ikiwa ni mita kwa sekunde, ni kilomita 54 kwa saa na hapo hupaswi kuwa kileleni wala majini kwa chombo kidogo. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, na mita moja kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako, chagua kizio kimoja, na ukitumie daima.

Kasi inayotajwa kwanza ni wastani, mara nyingi wa dakika 10, kwa upepo ulio mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Wastani huo huficha mipigo, yaani upepo unaokuja kwa nguvu ghafla na kudumu sekunde chache. Kinachomwangusha mtu, kuipindua mashua au kuvunja nguzo za hema ni mpigo, hivyo kikomo chako ukilinganishe na safu ya mipigo. Juu ya maji ya wazi mipigo huuzidi wastani kwa takriban theluthi moja. Kwenye nchi yenye vilima, miamba au majengo inaweza kufika mara moja na nusu ya wastani na hata kuzidi. Tofauti kubwa kati ya safu hizo mbili ni habari muhimu kwa yenyewe: inaonyesha upepo usiotulia, ambao huchosha na kuondoa mizani kuliko upepo mkali unaovuma sawasawa.

Kumbuka pia kwamba msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukitoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa, nguvu inayokusukuma haiwi mara mbili bali mara nne, na ukifika 60 imekuwa mara tisa. Hii ndiyo sababu ongezeko la kilomita 10 linaloonekana dogo kwenye jedwali huhisiwa vikali sana na mwili, na huhisiwa vikali zaidi kadiri kasi inavyokuwa juu.

Mwelekeo hutajwa kwa upande upepo unakotoka: upepo wa kusini unatoka kusini kwenda kaskazini. Kwa digrii, 90 ni mashariki, 180 ni kusini, 270 ni magharibi, na 360 ni kaskazini. Mishale ya programu nyingi, kinyume chake, huelekea kule upepo unakokwenda, jambo linalowachanganya wengi, kwa hiyo hakikisha unajua programu yako inafuata mtindo gani. Kwenye chati za kitaalamu utaona kijiti chenye vinyoya: ncha yenye vinyoya iko upande upepo unakotoka, nusu unyoya ni noti 5, unyoya mzima ni noti 10, na pembetatu ni noti 50.

Kwa anayekwenda milimani kuna jambo moja ambalo huachwa na miongozo mingi. Programu nzuri huonyesha upepo wa matabaka ya juu kwa kutumia mgandamizo wa hewa: tabaka la hektopaskali 850 (hektopaskali ni kizio cha kupimia mgandamizo huo) liko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na lile la 700 liko karibu mita 3,000. Tabaka lililo karibu na kimo cha njia yako hutoa picha ya kweli zaidi kuliko upepo wa mita 10 wa mraba mzima.

Hatua ya nne: uweke upepo huo juu ya ardhi na maji

Fungua ramani kando ya utabiri na uulize upepo utafanya nini ukikutana na mahali penyewe. Upepo unaopita kati ya milima miwili hubanwa na kuongeza kasi, kwa hiyo pito jembamba la mlimani huwa na upepo mkali kuliko nchi inayolizunguka. Juu ya mgongo wa mlima upepo hubanwa vilevile. Upande wa demani, yaani ule uliokingwa, hutoa utulivu, lakini nyuma ya mlima mkali upepo huweza kuanguka kutoka juu kwa mipigo isiyo na mwelekeo mmoja. Hema linalopigwa karibu mno na ukuta wa mlima halina kinga ambayo mwenyewe anaitegemea.

Kisha kuna pepo za saa. Karibu na bahari au ziwa kubwa, nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo wa kutoka majini huanza kuvuma kabla ya adhuhuri, hukaza alasiri, na kulegea jioni. Milimani upepo hupanda miteremko mchana na kushuka mabondeni usiku ukiwa na baridi. Modeli zenye miraba mikubwa hupunguza au kukosa kabisa pepo hizi, kwa hiyo siku ya jua kali yenye utabiri wa upepo hafifu usiichukulie kuwa siku tulivu alasiri. Upepo wa jumla ukivuma upande mmoja na upepo wa majini, hizo mbili hujumlishana.

Majini, mwelekeo huamua hatari kuliko kasi. Upepo unaotoka nchi kavu huyaacha maji ya karibu na ufuo yakiwa shwari na ya kuvutia, huku ukikusukuma mbali bila wewe kuhisi, na kadiri unavyozidi kwenda ndivyo mawimbi yanavyokua na kurudi kunavyokuwa vigumu. Ninauona huu kuwa mtego mbaya kuliko yote kwa wenye vyombo vidogo, kwa sababu anayetazama maji kutoka ufukweni haoni dalili yoyote.

Mawimbi hukua kwa vitu vitatu: kasi ya upepo, muda ambao umevuma, na umbali wa maji ya wazi uliopita. Kimo cha mawimbi kinachotajwa katika utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, hivyo katika utabiri wa mita 1.5, mawimbi mamoja mamoja yanaweza kukaribia mita 3. Soma pia sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi: mita moja kwa kila sekunde 12 ni maji yanayoinuka na kushuka polepole, na mita moja kwa kila sekunde 4 ni mawimbi mafupi yenye miinuko mikali yanayojaza maji chomboni. Mahali penye mkondo, tazama saa za maji kujaa na kupwa, kwa sababu upepo unaovuma dhidi ya mkondo huyafanya mawimbi yawe mafupi na yenye miinuko mikali, na mlango wa bahari uliopitika asubuhi huweza kufungika saa chache baadaye bila upepo kubadilika hata kidogo.

Hatua ya tano: tazama mgandamizo wa hewa

Chati yenye mistari ya mgandamizo sawa wa hewa hukuonyesha kwa nini upepo unavuma, na si kasi yake tu. Mistari iliyosongamana humaanisha upepo mkali; iliyoachana humaanisha upepo dhaifu. Mwaka 1857 Mholanzi Buys Ballot alieleza kanuni ambayo bado hutumika: ukiupa upepo mgongo katika nusu ya kaskazini ya dunia, eneo la mgandamizo mdogo liko kushoto kwako, na katika nusu ya kusini liko kulia kwako. Karibu na ikweta kanuni hii haifanyi kazi, na hata mistari ya mgandamizo husaidia kidogo tu.

Ukibeba barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, fuata mwenendo kuliko namba. Katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, kushuka kwa hektopaskali zaidi ya 3 katika saa tatu ni ishara ya mabadiliko ya haraka. Katika nchi za joto, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa hektopaskali chache, ukiwa juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, kwa hiyo kushuka kwa alasiri peke yake hakumaanishi dhoruba. Ukipanda mlima, barometa itashuka kwa takriban hektopaskali 1 kwa kila mita 8 au 9, na hilo pia si dhoruba.

Hatua ya sita: mvua, radi na joto

Uwezekano wa asilimia 40 wa mvua humaanisha kwamba, katika mahali hapo na kwa kipindi kilichotajwa, nafasi ya kupata mvua inayopimika ni 4 kati ya 10. Haimaanishi kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala haisemi itakuwa kubwa kiasi gani. Kiasi husomwa kwa milimita: milimita 1 ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Mvua iliyo chini ya milimita 2.5 kwa saa ni nyepesi, na inayozidi milimita 10 kwa saa ni kubwa. Ikiwa njia yako inavuka mto, soma utabiri wa nchi ya juu ambako mto huo unakusanya maji, kwani mto huweza kujaa chini ya anga lisilo na wingu.

Radi ndiyo ninayoipa uzito kuliko mvua. Utabiri wa ngurumo hauwezi kutaja bonde litakalopigwa, bali hutaja eneo na saa ambazo hewa imejiandaa. Programu nyingine huonyesha kipimo kiitwacho CAPE, ambacho hupima nishati ya hewa inayopanda. Kikizidi joule 1,000 kwa kilo, hewa ina nguvu ya kutosha kuzaa ngurumo kali iwapo kitu kitaianzisha. Ikumbukwe kwamba wingu la radi hutanguliza upepo wake: hewa baridi iliyoporomoka na mvua hutambaa mbele ya wingu, na mpigo wa ghafla huweza kukufikia dakika nyingi kabla ya tone la kwanza.

Joto halihitaji maelezo marefu. Punguza wastani wa digrii 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kisha uongeze athari ya upepo: digrii 5 katika upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama digrii 1 chini ya sifuri, na nguo zilizolowa huzidisha hali hiyo. Katika joto kali, soma unyevu pamoja na nyuzi, maana jasho lisilokauka haliupozi mwili.

Hatua ya saba: pima shaka ya utabiri wenyewe

Fungua modeli mbili au tatu kwa siku hiyohiyo. Zikikubaliana kuhusu saa, mwelekeo na nguvu, una msingi mzuri. Zikitofautiana, usichukue wastani wala ile inayokupendeza. Panga kwa ile mbaya zaidi, au ungoje. ECMWF huendesha pia utabiri wa kundi wenye toleo moja la msingi na mengine 50, kila moja ya hayo 50 likianza na hali iliyobadilishwa kidogo, na mistari yake ikitawanyika kama nywele zilizotimuliwa na upepo ina maana kwamba anga lenyewe bado halijaamua.

Kwa siku 7 hadi 10 mbele, soma mwelekeo wa jumla tu. Kwa siku 3 hadi 5, chagua siku. Kwa siku 1 hadi 2, chagua saa. Kwa saa mbili zijazo, acha modeli na utazame rada na picha za setilaiti. Fuata pia matoleo yanayofuatana: ikiwa kila toleo jipya linaleta dhoruba mapema kuliko lililotangulia, panga kana kwamba litakalofuata litafanya vivyo hivyo.

Hatua ya nane: andika mpango wenye saa za uamuzi

Tuchukue mfano. Kundi linataka kupita mgongo wa mlima wenye kimo cha mita 2,400, na utabiri walio nao ni wa mahali penye mita 1,000. Saa mbili asubuhi mipigo ni kilomita 30 kwa saa, saa sita mchana ni 45, saa tisa alasiri ni 60. Ngurumo zina uwezekano wa asilimia 30 kuanzia saa nane. Joto la mchana ni digrii 18. Kikomo chao cha mipigo ni kilomita 50. Anayesoma haraka ataona kwamba wanaweza kuwa juu hadi saa saba. Lakini namba hizo ni za chini. Mgongoni upepo utakuwa mkali zaidi, na kikomo huenda kikafikiwa saa tano au kabla yake, huku joto likiwa karibu digrii 9 kabla ya kuhesabu upepo. Mgongo huo unahitaji saa tatu kuumaliza. Kwa hiyo wanapaswa kuuanza saa moja asubuhi, waondoke kambini gizani, na waandike kwamba wasipofika mwanzo wa mgongo kufikia saa mbili watageuka, hata kama anga litakuwa safi. Pia wanaandika njia ya kushukia katikati, na kumwachia mtu wa nyumbani saa ya mwisho ya kutegemea habari zao.

Hatua ya tisa: endelea kusoma ukiwa njiani

Linganisha kila saa chache kinachotokea na kilichotabiriwa. Upepo ukifika mapema kwa saa mbili, sogeza saa zote zilizobaki kwa kiasi hicho, na usifikiri kwamba umepita mapema. Mawingu yanayokua kwenda juu kabla ya adhuhuri, kilele cha wingu kinachotandaa bapa, hewa inayopoa ghafla, au upepo unaogeuka upande kwa dakika chache, yote yana uzito kuliko namba iliyo simuni.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, shuka kutoka mahali pa juu, toka majini, ondoka kwenye mti uliosimama peke yake, na utafute jengo imara au gari lililofungwa. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kuendelea, na kila ngurumo mpya ianzishe hesabu hiyo upya.

Ukirudi, andika karibu na namba za utabiri yale uliyoyakuta: saa upepo ulipoanza, mahali ulipobanwa, mipigo ilivyozidi au kupungua. Kwa njia unayoirudia, orodha hiyo hukuonyesha modeli ipi huchelewesha upepo wa alasiri na ni wapi unapaswa kuongeza kilomita 10 au 20 kabla ya kulinganisha na kikomo chako.